Bega Limeganda? Mwongozo kwa Anayetaka Liendelee Kuganda

Mwongozo huu si wa kila mtu. Kama mkono wako unafika kwenye bomba la daladala bila kukufanya umtaje mama yako mzazi, funga ukurasa, nenda kafanye kazi zako. Tunaongea na wewe ambaye wiki hizi unavaa shati kwa mashauriano, mkono mgonjwa kwanza, mzima baadaye. Tunaongea na wewe mama ambaye ndoano za sidiria unazifungia tumboni kisha unaizungusha kwenda nyuma. Na wewe mzee ambaye pochi imehama mfuko wa nyuma ikaja wa mbele, ukiulizwa unasingizia vibaka wa Kariakoo. Usiku ndio hauongopi. Ukilalia upande ule unaamka. Ukilalia upande wa pili, mkono unaning'inia, unaamka vilevile.

Unataka hali hiyo idumu? Inawezekana kabisa, tena bila gharama kubwa. Fuata maelekezo.

Kwanza, usijue unaumwa nini. Sema ni baridi imeingia. Sema ni feni ya dari, au ule upepo wa dirishani ulipokuwa unatoka Dodoma usiku. Wenye nia ya kupona huelezwa kwamba kiungo cha bega kimefunikwa na mfuko, na kwamba mfuko huo, kwa sababu ambazo mara nyingi hazijulikani, huwaka kwa ndani, ukanenepa, kisha ukasinyaa, mithili ya kanzu ya pamba iliyofuliwa kwa maji ya moto ikabana kwapani. Mifupa mizima, misuli mizima, ila nafasi ya kugeukia haipo. Mfaransa Duplay aliuandika ugonjwa wa namna hii mwaka 1872. Daktari Codman wa Boston akauita bega lililoganda mwaka 1934, na jina likakaa. Wajapani, ambao hawakutaka makuu, huliita bega la miaka 50, na hawakukosea sana, maana huwakamata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume. Haya yote usiyasome. Feni inatosha.

Pili, usipimwe. Kipimo chenyewe hakihitaji hata umeme, ndiyo maana ni cha kukwepa. Mgonjwa hubana kiwiko mbavuni, akakikunja, kisha akajaribu kupeleka kiganja nje kama anayefungua mlango. Baadaye mtaalamu humfanyia yeye, taratibu, kwa mkono wake. Ikiwa mwenyewe hawezi, na hata mwenzake hawezi kuupeleka, mfuko umebana. Ikiwa mwenyewe hawezi lakini mwenzake anaupeleka bila shida, huenda kuna msuli au kano iliyochanika, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Eksirei hupigwa ili kuondoa shaka ya mambo mengine, na kwa bega lililoganda kwa kawaida hutoka safi. Picha ikitoka safi, wewe timiza wajibu wako: rudi nyumbani utangaze kwamba hospitali haikuona kitu, kwa hiyo haya ni mambo ya watu. Shemeji atakuelewa.

Hatua ya tatu ndiyo tamu zaidi, kwa sababu hapa unaingia kambi. Kuna kambi ya sindano na kuna kambi ya mazoezi. Kambi ya sindano ina shuhuda wake, kwa kawaida jirani aliyechomwa Ijumaa na Jumapili akabeba ndoo ya maji kichwani. Kambi ya mazoezi inaongozwa na mpwa wako anayenyanyua vyuma, ambaye anaamini kila maumivu ni uvivu. Usizisikilize zote mbili. Chagua moja, uitetee mpaka kwenye vikao vya harusi.

Tuseme umechagua sindano. Basi amini kwamba kila sindano ni sindano. Ingia zahanati ya kwanza utakayoiona.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mama, tukusaidie nini?"

"Bega. Nichome ile kali."

Utachomwa diklofenaki kwenye kalio, utalipa, na usiku huo huenda ukalala vizuri. Keshokutwa maumivu yamerudi, na wewe unasema sindano nimeshachomwa, haisaidii. Hapa pongezi, kwa sababu umefanikiwa kuikataa dawa ambayo hujawahi kupewa. Sindano inayobishaniwa na madaktari ni ya steroidi, na inaingizwa ndani ya kiungo chenyewe cha bega, mara nyingi ikiambatana na dawa ya ganzi, na mtu aliyefundishwa njia ya kuingilia. Aliyechomwa kalioni hajaingizwa chochote begani. Amekunywa dawa ya maumivu kwa mlango wa nyuma.

Steroidi hii si ile ya vijana wanaotaka vifua vipana. Ni ya ukoo wa kotisoni, ambayo Philip Hench na wenzake kule Mayo Clinic, Marekani, walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na miaka 2 baadaye tuzo ya Nobel ikatolewa. Mwaka 1951 daktari Hollander wa Philadelphia akachapisha habari za kuingiza dawa ya ukoo huo moja kwa moja kwenye viungo. Kazi yake ni kuzima moto ulio ndani ya mfuko. Haipanui mfuko. Hili la mwisho lisahau haraka, vinginevyo mwongozo utaharibika.

Ukitaka silaha ya kubishania, ipo. Mwaka 1998 Waholanzi walichapisha utafiti ambao ungeweza kuandikwa kwa ajili ya kikao chenu. Walichukua wagonjwa 109 wenye bega linalouma na kukaza, waliokuja kwa madaktari wa kawaida wa mtaani, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata sindano za steroidi ndani ya kiungo, zisizozidi 3. Kundi la pili lilipata fiziotherapia, vipindi 12 vya nusu saa katika wiki 6. Wiki ya 7 wakahesabu waliopona au kupata nafuu kubwa. Upande wa sindano walikuwa 77 kwa kila 100. Upande wa mazoezi 46.

Acha kusoma hapo hapo. Simama, piga meza, mwambie mpwa wako akalale. Msomaji asiye na nidhamu ataendelea na kukuta kwamba sehemu kubwa ya ushindi huo ilitokana na maumivu kupungua mapema, na kwamba baada ya nusu mwaka, na tena baada ya mwaka, makundi hayo mawili yalikuwa yamekaribiana sana. Sindano ilifika mbele wiki za mwanzo, mazoezi yakaja nyuma, wakakutana njiani. Habari ya namna hiyo inaua mjadala.

Kwa kuwa sindano ya kwanza imesaidia, omba ya pili wiki ijayo, na ya tatu, na ya nne kwa daktari mwingine asiyejua habari za wa kwanza. Steroidi ikirudiwa ovyo inaweza kudhoofisha kano, ndiyo maana madaktari makini huhesabu. Daktari akikuuliza umeshachomwa ngapi, tabasamu. Usimwambie una kisukari pia, maana atakueleza kwamba sindano hii hupandisha sukari kwa siku kadhaa na atataka uipime mara kwa mara nyumbani. Usiulize kwa nini uso umewaka na kuwa na joto siku ya pili; hutokea, hasa kwa wanawake, na hupita. Usiulize kuhusu maumivu kuzidi kwa siku moja au mbili kabla ya nafuu. Na usiulize kuhusu baka jeupe linaloweza kubaki pale dawa ilipovujia chini ya ngozi, pamoja na kibonyeo kidogo. Kwa ngozi zetu nyeusi baka hilo huonekana waziwazi, na mtu angeambiwa mapema asingehangaika na waganga. Lakini tulishakubaliana: waganga nao wanahitaji wateja.

Au labda wewe ni wa kosa la upande wa pili, la kuikimbia sindano yote kwa sababu shangazi alisikia inaozesha mifupa. Sawa. Kaa miezi mitano bila kulala, ukimeza diklofenaki kila baada ya chakula mpaka tumbo nalo lianze kudai haki zake. Sindano moja iliyowekwa mahali pake, kwa mtu aliye katika miezi ya moto, ingeweza kukupa wiki kadhaa za usingizi. Mwongozo huu unaheshimu uamuzi wako.

Tuje kambi ya mazoezi. Kosa kuu hapa linahitaji mtu mwenye nguvu. Kama huna, tafuta mchuaji, mwambie una bega gumu, mpe mafuta ya nyonyo, ulale. Au mkabidhi mpwa mkono wako aunyanyue mpaka juu. Kelele zako ndizo risiti ya kazi aliyoifanya. Ukitoka pale bega limevimba na usiku umekesha, sema dawa imeingia.

Waholanzi tena, safari hii mji wa Groningen, walitoa matokeo mwaka 2004 yanayowaudhi wapenda kelele. Wagonjwa 77 wa bega lililoganda waliangaliwa kwa makundi mawili. Kundi moja lilivutwa na kunyooshwa kwa nguvu kupita mpaka wa maumivu. Lingine lilielezwa ugonjwa ni nini, likafundishwa mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu, likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri mkono unavyoruhusu. Baada ya miezi 24, walioachwa kwa upole hivyo walikuwa na bega zima au karibu na zima kwa kiasi cha 89 kwa kila 100. Waliovutwa, 63. Naomba msomaji asimwonyeshe mpwa wake aya hii.

Kosa la pili la kambi hii ni la kistaarabu zaidi. Nenda fiziotherapia, lala chini ya taa ya joto, uwekewe vile vibandiko vya umeme vinavyotekenya, usinzie nusu saa, urudi nyumbani. Umehudhuria, kadi imegongwa. Mazoezi ya nyumbani uliyoelekezwa, waachie wasio na kazi. Na kama unakaa Mbagala au Chanika na kliniki iko mjini, mambo yatajipanga yenyewe: utaenda mara ya kwanza, utaenda ya pili, na ya tatu utapiga simu kusema mvua imenyesha. Mholanzi wa vipindi 12 hakupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hili silisemi kwa mzaha. Kwa wengi wetu gharama ya fiziotherapia si ile ya dirisha la malipo. Ni nauli, foleni, na bosi anayeuliza leo tena? Mtaalamu anayejua hilo hukufundisha vizuri vipindi viwili vitatu, akakupangia ya kufanya nyumbani, akakuita baada ya wiki kadhaa kukukagua. Mtaalamu wa namna hiyo mkimbie, atakuponya.

Ili umtambue, haya ndiyo anayofundisha. Atakwambia uiname, ushike meza kwa mkono mzima, uuache ule mgonjwa uning'inie wenyewe na kuuzungusha polepole. Zoezi hilo ni la zamani, na jina la Codman limeambatana nalo mpaka leo. Atakusimamisha mbele ya ukuta utambaze vidole kwenda juu mpaka maumivu yaanze kuongea, hapo utue, ushuke. Atakulaza chali na mpini wa ufagio mikononi, viwiko vimebana mbavu, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda nje. Baadaye, miezi ya moto ikishapita, atakupa khanga uipitishe mgongoni, mkono mzima juu, mgonjwa chini, uvute taratibu. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mpaka wake ni huu: maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi yanavumilika, yanayokuamsha usiku yanasema umezidisha. Hakuna mashine. Hakuna kelele. Kwa mtu anayependa tiba ionekane, ni aibu tupu.

Sasa siri ya ndani, ambayo kambi zote mbili huificha. Bega hili lina majira. Kuna miezi ya moto, yapata 2 hadi 9, maumivu makali na mkono unazidi kufupika. Ikafuata miezi ya kukaza, maumivu yamepungua lakini mkono hauendi, yapata 4 hadi 12. Kisha miezi ya kulegea, mirefu, ambayo inaweza kuvuka mwaka. Wengine hubaki na ukakamavu kidogo miaka mingi, ila wengi wao wanaishi nao bila kuukumbuka. Anayetaka kuharibu kila kitu ageuze majira: avutwe kwa nguvu wakati wa moto, kisha aombe sindano mwaka wa pili, maumivu yameshaisha na kilichobaki ni ukakamavu mtupu, ambao steroidi haina la kuufanya. Huyo atatoka na ushahidi kamili kwamba hakuna kinachofanya kazi. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa kwa kujiamini sana, na mtu ambaye mkono wake ulikuwa unalegea wenyewe wakati anaongea.

Kuna hata watu wasio na aibu wanaotumia vyote viwili. Kanada, mwaka 2003, wagonjwa 93 waligawanywa: wengine sindano na fiziotherapia kwa pamoja, wengine sindano pekee, wengine fiziotherapia pekee, wengine sindano ya maji ya chumvi isiyo na dawa. Wote walipewa mazoezi mepesi ya nyumbani. Wiki ya 6 waliopata sindano ya dawa walikuwa mbele, na waliochanganya ndio waliorudisha mwendo wa mkono haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote manne yalikuwa sawa, hata lile la maji ya chumvi. Mwaka huohuo Waingereza walitoa wao, watu 207 wenye maumivu mapya ya bega, sindano dhidi ya fiziotherapia. Baada ya miezi 6 hali zilikuwa zinafanana, isipokuwa kwamba waliochomwa walirudi kwa daktari mara nyingi zaidi kuliko waliofundishwa mazoezi. Na kwa wanaodhani kisu kitamaliza ubishi, Uingereza ilitoa mwaka 2020 matokeo ya wagonjwa 503 wa hospitali 35: kundi la kulazwa usingizi na kunyooshwa mkono, kundi la kukatwa mfuko kwa kamera, na kundi la fiziotherapia yenye mpangilio pamoja na sindano. Baada ya mwaka, hakuna kundi lililowaacha wenzake kwa kiasi ambacho mgonjwa angekihisi.

Ukiyapanga hayo, unaona kwa nini kambi hazipendi kuyapanga. Sindano hununua wiki za usingizi zile za mwanzo. Mazoezi hurudisha mkono inchi kwa inchi, na humpa mgonjwa kitu cha kufanya asubuhi badala ya kusubiri. Kazi kubwa inafanywa na muda, na muda hauna mtetezi kikaoni kwa sababu hauuzwi kwenye chupa wala hautozi kwa kipindi. Mtu akiniuliza mimi nichague kipi, ninamuuliza kwanza: usiku unalala? Kama halali, na ni miezi ya mwanzo, azungumze na daktari kuhusu sindano moja ya ndani ya kiungo, kisha aitumie nafuu ile kufanya mazoezi mepesi badala ya kufulia mapazia yote ya nyumba. Kama analala na shida yake ni mkono kutofika, sindano ya nini? Aende akafundishwe, arudi nyumbani na ufagio wake.

Yapo mambo ambayo mwongozo huu unayatoa nje ya mzaha. Maumivu ya ghafla ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana, jasho au pumzi kukata si bega. Ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo, na hapo ni hospitali sasa hivi. Bega jekundu, la moto, lenye homa, linaweza kuwa na usaha, na steroidi hapo ni hatari. Bega lililokaza baada ya kuanguka au baada ya degedege linahitaji picha kabla ya mtu yeyote kuligusa, kwa sababu linaweza kuwa limeteguka. Na kama unapungua uzito bila kujua sababu, au uliwahi kuwa na saratani, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Limebaki moja, na hili wenye bega wengi hulipita bila kuangalia. Mwenye kisukari yuko katika hatari ya bega kuganda karibu mara 5 kuliko asiye nacho, na lake huwa kaidi zaidi, tena mara nyingine huhamia upande wa pili. Wengi huku kwetu wana sukari ya juu na hawajui, kwa sababu sukari haiumi. Bega linauma. Wapo ambao bega ndilo lililowafikisha kwenye kipimo kwa mara ya kwanza. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni na majibu unapewa palepale ulipokaa. Kapime wiki hii, kabla hujabishana na mtu mwingine yeyote kuhusu sindano na mazoezi.